Kifaranga Juu ya Kioo

Maiti ya Kapitan Virgilio Sunga ilikutwa kwenye ngazi za mto wa San Telmo, uso ndani ya maji, miguu bado iko ngazi za juu. Kandambili moja ilikuwa mguuni. Nyingine ilishachukuliwa na mto. Waliomkuta ni akina mama waliokuja kufua, jua likiwa limeshapanda. Mmoja alipiga ukunga, mwingine akakimbilia kituoni huku mapovu ya sabuni yakimchuruzika mikononi.

Inspekta Ligaya Punsalan alifika, akachuchumaa, akatazama. Kwenye paji la uso palikuwa na jeraha. Jiwe la ngazi lilikuwa na ukoga wa kijani, utelezi mtupu. Daktari wa wilaya aliinama kidogo, akaguna, akasema kapitan ameteleza, amejigonga, amekunywa maji, basi. Familia haikutaka maiti ipasuliwe wakati wa misa za alfajiri za kungojea Krismasi, na mkuu wa kituo naye hakutaka kelele. Ligaya akatia saini: ajali.

Kapitan ndivyo wanavyomwita mwenyekiti wa mtaa, na Virgilio alishika kiti hicho kwa vipindi vitatu. Ndiye pia aliyesimama baba wa ubatizo wa mtoto wa Ligaya. Inspekta aliingia ndani ya gari, akafunga kioo, akalia mpaka pua ikaziba. Kisha akajifuta na kwenda mji wa mkoa, ambako mahakama ilikuwa ikimsubiri kwa kesi nyingine.

Aliporudi, alikwenda msibani kama mfiwa mwingine yeyote.

Sebule ilikuwa imejaa. Jeneza jeupe lenye kioo lilikuwa katikati, maua yamelizunguka, na ukutani limetundikwa bango la rambirambi za mheshimiwa mbunge. Uso wa mheshimiwa ulikuwa mkubwa kuliko wa marehemu, na unatabasamu. Nje, chini ya turubai, wazee walicheza karata kwa sauti ya chini, kahawa na biskuti zikizunguka. Hakuna aliyekuwa amefagia tangu maiti iingie, maana kufagia ni kuita kifo kingine, na maganda ya mbegu za tikiti yalikuwa yanapasuka chini ya viatu.

Ligaya alisogea amuage baba wa ubatizo wa mwanawe. Akainama. Hapo ndipo alipokiona.

Kifaranga kimoja, kilichopakwa rangi ya waridi, kilikuwa kinatembea juu ya kioo. Kilidonoa punje ya mchele iliyoangukia usawa wa jicho la kapitan, kikalia pii, kikadonoa nyingine.

Ligaya alizaliwa hapahapa, hakuhitaji kuambiwa. Kifaranga hakiwekwi juu ya jeneza la aliyekufa kwa homa, wala aliyeteleza. Huwekwa juu ya aliyeuawa tu. Kila punje kinayodonoa, ndivyo kinavyodonoa moyo wa muuaji popote alipo, mpaka ashindwe kustahimili.

Alimvuta Sajini Efren Manalastas kwenye korido. Sajini alikuwa na biskuti mbili mdomoni.

"Nani aliweka kile kifaranga?"

"Nilidhani wewe umewaambia, afande."

"Nimewaambia nini?"

"Kwamba ameuawa."

"Mimi nimeandika ajali, Efren! Umesoma?"

Sajini alimeza biskuti zote kwa pamoja, macho yakamtoka. "Sasa mbona mtaa mzima unasema polisi wamegundua muuaji?"

"Nani amesema?"

"Kifaranga ndicho kilichosema," alijibu Sajini. "Watu walipokiona, kila mtu alijua."

Mjane, Mama Perlita, alikuwa chumbani anapepewa. Alimshika Ligaya mikono yote miwili.

"Mwanangu, ahsante. Angalau ninyi hamkuficha."

"Mama, kifaranga umeweka wewe?"

"Mimi? Nilikiona tu usiku wa kwanza, wakati wa sala. Nikasema, basi Ligaya amegundua jambo, ameona aibu kuniambia mwenyewe."

"Alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Uchaguzi unakuja, nani hana ugomvi?" Alipunguza sauti. "Ila kulala alikuwa halali. Tangu kimbunga cha mwaka jana. Alikuwa anaamka, anakaa kitandani, ananiuliza, 'Perlita, unasikia mtu anagonga lango?' Namwambia hakuna lango linalogongwa. Anasema, 'Si letu. Lango la maji.'"

Ligaya hakupenda kulisikia jina la lango lile. Mwaka uliopita, mto ulipofurika, maji yangeweza kupitia lango lile, yakaingia kwenye mabwawa ya samaki ya familia ya mheshimiwa na kutokea baharini. Lango lilikutwa limefungwa. Maji yakarudi kwenye kitongoji cha bondeni, na watu kumi na mmoja wakafa. Ripoti ilisema mitambo ilishika kutu. Tangu hapo watu wa bondeni wanasema kukinyesha husikika mtoto anaita kule langoni, na hata polisi wa doria hupita njia ya mbali, wakisingizia barabara mbovu.

Uani alimkuta Jojit, mtoto pekee wa marehemu, msimamizi wa mabwawa yaleyale. Alikuwa amezungukwa na vijana watano, macho mekundu, ndevu hazijanyolewa. Shati lake lilikuwa limevimba kiunoni.

"Dada Ligaya," alisema, "nakuheshimu. Usiniulize ninachokwenda kufanya."

"Nakuuliza."

"Tukishamzika baba kesho, tunakwenda kwa Macaraeg."

"Macaraeg amefanya nini?"

"Anataka kiti. Kila mkutano anamtukana baba kwa ule ukuta wa mto uliojengwa kwenye karatasi tu. Nani mwingine?"

"Jojit, una ushahidi?"

"Ushahidi uko juu ya kioo unatembea!" Vijana waliguna kwa kukubali. "Ukinitajia muuaji kabla ya kaburi kufunikwa, nitakusikiliza. Baada ya hapo, nisamehe."

"Nipe hiyo bastola."

"Nimevaa mkanda tu, dada," alisema, akamtazama bila kupepesa. Na vijana watano wakasogea hatua moja.

Ligaya alimpigia mkuu wa kituo kuomba askari. "Mtoto wa kapitan, msimamizi wa mheshimiwa, tumkamate msibani?" alifoka mkuu. "Una wazimu? Faili limefungwa." Simu ikakatwa.

Kwa Tano Macaraeg madirisha yote yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Alifungua mlango kidogo tu. Nyuma yake watoto watatu walikuwa wamekaa sakafuni, wametulia mno kwa watoto.

"Asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Kanisani, misa ya alfajiri. Nimesoma somo la kwanza, afande, tena nimekosea jina la nabii, parokia nzima imecheka. Halafu nimeuza vitumbua vya mchele pale mlangoni mpaka kukapambazuka kabisa. Kapitan mwenyewe amenunua vinne, akiwa na dada yake."

"Na dada yake?"

"Nening, ndiyo. Wakaondoka pamoja." Alichungulia barabarani. "Nilimsema sana yule mzee, sikatai. Siasa. Lakini kumuua? Mke wangu anasema tukimbie. Nikikimbia si ndiyo nimekiri?"

"Kaa ndani," alisema Ligaya. "Nipe mpaka kesho."

Barabarani alisimama na Sajini, akafikiri kwa sauti, kama alivyozoea. "Efren, aliyeweka kifaranga alijua jambo ambalo daktari hakulijua, mimi sikulijua, hata mjane hakulijua. Umeiona rangi yake?"

"Ya waridi. Kama wale wa watoto wa shule."

"Vinauzwa wapi?"

"Pale getini tu. Mzee Kulas."

Shule ilikuwa inatoka. Mzee Kulas alikuwa amechuchumaa kando ya boksi lenye vifaranga vya kijani, bluu na zambarau, watoto wamemzonga. Alipoona sare ya polisi akainua mikono.

"Afande, rangi ni ya chakula! Hawafi kwa rangi, wanakufa kwa kubanwabanwa."

"Sikuja kwa hilo, mzee. Kuna mtu mzima alinunua cha waridi, siku kapitan alipofariki?"

"Mtu mzima mmoja tu. Nening, dada yake kapitan." Alitikisa kichwa. "Nilishangaa. Alikuwa anamleta Jonalyn wake hapa kila asubuhi, yule binti aliyechukuliwa na mafuriko. Tangu hapo hakukanyaga geti hili. Siku ile nikamwona kasimama tu, sketi imelowa mpaka magotini. Nikamwambia, dada, chagua. Akasema nipe chochote, hata hakungoja chenji."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, kabla ya kengele. Baada ya kengele mwalimu mkuu alinitimua, eti nachafua mazingira. Mimi nachafua! Na lile shimo la choo je?"

Ligaya hakuwa akimsikiliza tena. Alimgeukia Sajini.

"Akina mama walikuja kituoni kabla au baada ya kengele ya shule?"

"Baada, afande. Wanafunzi walikuwa wanapandisha bendera, nikawa nimesimama wima pale dirishani, yule mama akaja akinimwagia sabuni."

Walitazamana. Kifaranga cha msiba kilinunuliwa wakati hakuna mtu San Telmo aliyejua kuwa kuna msiba.

Nening alikuwa jikoni kwake anakoroga uji wa mchele na tangawizi kwa ajili ya wageni wa kaka yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele zimefungwa nyuma, macho yameingia ndani. Ukutani palikuwa na picha moja ya msichana wa miaka tisa asiye na jino la mbele. Aliwaona polisi, akapunguza moto.

"Kaeni. Mmeshakula?"

"Dada Nening," alisema Ligaya, "una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuwa na wakili."

"Naijua. Uliza."

"Kifaranga ulikinunua lini?"

Kijiko kiliendelea kuzunguka, halafu kikasimama. "Siku ile ile."

"Kabla mwili haujaonekana."

"Eeh." Aliketi kwenye stuli. "Ajabu, sikulifikiria hilo. Niliona tu kwamba ameuawa, na aliyeuawa lazima awekewe. Sikukumbuka kwamba ninyi hamjui."

"Nani alimuua kapitan?"

"Mimi."

Sajini alikohoa. Uji ulianza kutokota pembeni ya sufuria na hakuna aliyeinuka kuushusha.

"Tulitoka misani," alisema Nening. "Akasema twende mtoni, ana neno. Alikula kitumbua kimoja tu, vingine akawa amevishika vimepoa. Akaniambia, 'Dada, lango lilifungwa. Halikushika kutu. Nililifunga mimi kwa mikono yangu, samaki wa watu wasitoroke.' Hivyo tu. Mwaka mzima, Ligaya! Kaburi la mwanangu alilijengea yeye. Kila Jumapili anakula hapa, kiti hicho ulichokalia. Mimi nalia, yeye ananishika bega, ananiambia ni kazi ya Mungu."

"Ukamsukuma."

"Hapana. Si hapo." Alisema kwa ukali, kana kwamba amesingiziwa. "Hapo nilikuwa nimesimama tu. Nilikuwa nasikia maji. Ungenipa muda, labda ningepiga kelele, labda ningemtemea mate nikaenda zangu. Lakini alipumua. Alitoa pumzi ndefu, mabega yakashuka, akatazama mto akasema, 'Ahsante Mungu. Sasa nitalala.'"

Alinyanyua viganja vyake, akavitazama.

"Nitalala! Ananitwika mimi, yeye akalale! Nilimsukuma kwa mikono yote miwili. Akapiga kichwa. Miguu ikacheza kidogo. Ningeweza kumvuta, Ligaya. Ngazi mbili tu. Nikasimama nikahesabu vitumbua vinavyoelea."

Ligaya alimpenda yule mzee, na alimjua Jonalyn, alimbeba mgongoni siku ya karamu ya mtakatifu wa mji. Machozi yalimjia mbele ya mtuhumiwa na hakujali.

"Halafu miguu ikanipeleka shuleni," aliendelea Nening. "Njia ya kila siku. Nikakuta vile vifaranga. Nilitaka kinidonoe. Daktari aliposema ameteleza, niliona kila mtu atakwenda nyumbani, na mimi nitabaki na jambo hili peke yangu maisha yangu yote, usiku namsikia mtoto langoni na alfajiri namsikia kaka mtoni. Nikaona afadhali kinidonoe mbele za watu."

"Unajua Jojit anakwenda kumuua Macaraeg kesho?"

Nening aliinuka kwa kishindo. "Macaraeg? Kwa nini?"

"Kwa sababu ya kifaranga chako."

Alivua aproni, akazima jiko, akajifunga leso kichwani.

"Nipeleke kwa kaka," alisema. "Nitawaambia mwenyewe. Ukiwaambia wewe, watasema mmenitesa."

Ligaya alijua si utaratibu. Mtuhumiwa aliyekiri hupelekwa kituoni. Lakini alimfikiria Macaraeg na wale watoto watatu sakafuni, akapiga moyo konde. Sajini akatangulia na Nening, wakavuka barabara hadi nyumba ya msiba.

Sebuleni, Nening alikwenda moja kwa moja kwenye jeneza. Kifaranga kilikuwa kimesinzia kwenye kona ya kioo. Alisubiri wanawake wamalize fumbo la rozari, kisha akasema, bila kupaza sauti:

"Macaraeg hana kosa. Virgilio nimemuua mimi."

Wengine walidhani ni majonzi. Jirani mmoja akainuka amshike mkono. Nening akaukwepa, akarudia, na safari hii akaeleza: ngazi, mto, mikono miwili. Karata za uani zilinyamaza. Jojit aliingia akisukuma watu, bastola imeshatoka kiunoni.

"Jojit!" Ligaya alikuwa amesimama kati yao, mkono kwenye silaha yake. "Weka chini!"

"Shangazi, unasema uongo. Umelishwa maneno."

"Sisemi uongo, mwanangu."

"Kwa nini? Baba alikukosea nini? Sema!"

"Kwa sababu ya Jonalyn," alisema Nening. "Yeye ndiye aliyefunga lango. Ameniambia kwa kinywa chake, pale mtoni. Alilifunga kwa mikono yake, usiku ule wa mafuriko."

Kisha Mama Perlita, aliyekuwa ametoka chumbani ameshikiliwa na wanawake wawili, akasema kwa mshangao wa mtu aliyesikia jambo lisilowezekana:

"Virgilio? Virgilio usiku ule hakuwa San Telmo."

Nening aligeuka.

"Tulikwenda mji wa mkoa kuomba mashua za uokoaji, mimi na yeye," alisema mjane. "Daraja likakatika nyuma yetu. Tulilala ndani ya lori, ananishika mkono, analia. Tulirudi alfajiri na mashua, wewe mwenyewe ulituona. Lango atalifungaje?"

"Aliniambia..."

"Na aliyekuwa na ufunguo wa lango..." Mama Perlita hakumaliza. Alimtazama mwanawe.

Bastola ilikuwa imeshuka, sasa inatazama sakafu. Jojit alikuwa ameegemea ukuta, chini ya bango la mheshimiwa, na uso wake ulikuwa hauna tone la damu.

"Walipiga simu kutoka nyumba kubwa ya mheshimiwa," alisema. "Wakasema samaki wa Krismasi wote watakwenda baharini, nifunge. Nilizungusha gurudumu. Sikujua maji yatafika juu namna ile. Halafu nikasikia mtoto anaita, ng'ambo ya lango. Anaita kwa jina, shangazi. Anasema, 'Kaka Jojit.' Nikajaribu kufungua, maji yalikuwa yamelibana, gurudumu halizunguki. Niling'ang'ana mpaka ngozi ya mikono ikatoka. Akanyamaza."

Ligaya aliichukua ile bastola mkononi mwake. Haikushikiliwa hata kidogo.

Nening alikuwa ameweka viganja viwili juu ya kioo, juu ya uso wa kaka yake, na kifaranga kiliruka sakafuni kikipiga kelele. Akamgeukia Jojit.

"Kwa nini hukuja wewe kuniambia? Mwaka mzima, Jojit. Kwa nini alikuja yeye?"

Jojit alikuwa ameshateleza na ukuta mpaka chini.

"Nilitaka kuja," alisema. "Nilimwambia baba siwezi tena, nakwenda kwa shangazi. Akanizuia. Akasema, 'Wewe hatakusamehe. Acha nikaseme ni mimi. Mimi ni kaka yake, mimi atanisamehe.'"